Kuzoesha injini mpya ya nitro ya gari la rimoti, hatua kwa hatua

Lawama ni ile ile kila mara: "Kaka, injini ni mpya, nimeilea tangi nane kama nilivyoambiwa, mbona inazima ikishapata moto?" Nashika flaiwili (gurudumu zito la chuma la injini), plagi ikiwa imefungwa, naizungusha kwa kidole. Inazunguka kama feni. Kompresheni imekwisha. Injini haijakimbia hata siku moja na tayari ni kizee.

Karibu wote walionifikia na shida hii wamefanya kosa moja: waliizoesha, yaani waliiendesha kwa upole ikiwa mpya, lakini ikiwa baridi. Waliambiwa waifungulie mafuta mengi mpaka moshi ufuke kama tanuri la mkaa, wakadhani kuiweka baridi ndiyo kuidekeza. Kumbe ndiyo kuiua.

## Kwa nini baridi inaiua

Injini nyingi za magari haya hazina ringi za pistoni. Pistoni ni ya aluminiamu, nayo inapanda na kushuka ndani ya slivu, yaani mrija wa silinda, ya shaba nyeupe iliyopakwa krome. Slivu hiyo haijanyooka: juu ni nyembamba kidogo kuliko chini. Ndiyo maana ukiizungusha injini mpya kwa mkono, pistoni ikikaribia kileleni inakaza, na ukisikiliza utasikia mlio mdogo, "kwik". Huo mkazo ndio unaofanya kazi ya ringi.

Sasa, ikipata moto, slivu hutanuka kuliko pistoni, na pale juu panapata nafasi sahihi. Mtengenezaji alipiga hesabu zake kwa injini yenye moto. Ukiiendesha ikiwa na nyuzi 60, pistoni inasugua mahali ambapo haikupaswa kusugua, mara maelfu kwa dakika, na konrodi (mkono unaoishika pistoni kwa chini) inavutwa kila inapokwama. Unausaga ule mkazo mpaka unaisha, na ukishaisha haurudi.

## Vifaa, kabla hujagusa chochote

- Mafuta ya nitro ya magari (methanoli, nitromethani na oili), si ya ndege za rimoti. Kwa injini za kawaida za .12 hadi .21, yaani takriban sentimita za ujazo 2 hadi 3.5, nitromethani asilimia 16 hadi 25 inatosha. Tumia kuzoeshea mafuta yale yale utakayoendeshea baadaye.
- Plagi mbili za akiba, za aina iliyotajwa kwenye kitabu cha injini.
- Kiwasha plagi kilichojaa chaji.
- Kipimajoto cha bastola cha mafundi. Kile tulichozoea kupimwa nacho kwenye paji la uso hakifai, kimetengenezwa kwa ajili ya homa na kinaishia nyuzi arobaini na kidogo.
- Draya ya nywele na karatasi ya foili ya jikoni.
- Spana ya plagi ya milimita 8 na bisibisi bapa nyembamba.
- Chupa ya kubinya ya kujazia tangi.
- Mafuta ya kichujio cha hewa, na mafuta ya kuhifadhia injini.
- Kitambaa kinene, glavu, na tofali la kuinulia gari.
- Daftari. Usicheke, utalihitaji.

Mafuta yenyewe ndiyo kazi kuyapata. Ukiwa na ndugu Dubai au Muscat, asijaribu kukuletea kwenye begi: ni kimiminika kinachowaka na hakiruhusiwi kwenye mizigo ya abiria wa ndege. Wala usijitengenezee kwa petroli. Plagi hizi haziruki cheche. Zina waya wa platinamu unaobaki mwekundu kwa sababu mvuke wa methanoli unapougusa hutoa joto. Petroli haifanyi hivyo. Na anayekushauri uchanganye methanoli na oili ya tustroku ya msumeno hajawahi kujaribu: oili ya aina hiyo haichanganyiki na methanoli, inajitenga kama maji na samli. Kinachokubali ni mafuta ya mbarika na oili maalumu za viwandani.

## Onyo moja lisilo na mjadala

Methanoli ni sumu. Mei 2014 huko Kenya watu wengi walikufa na wengine wakapofuka baada ya kunywa pombe iliyotiwa methanoli. Usiyahamishie mafuta kwenye chupa ya soda au ya maji, hata kwa saa moja. Mtoto haulizi.

Moto wa methanoli juani hauonekani vizuri, kwa hiyo ukihisi joto mahali pasipo na sababu, ondoka kwanza, uliza baadaye. Vaa glavu, na usiwashe injini ndani ya chumba wala gereji iliyofungwa.

## Hatua ya 1: Kagua kabla ya tone la kwanza

Kaza skrubu zote za injini, hasa za kifuniko cha nyuma na ile inayoshika kabureta. Hewa inayopenya kwa wizi ndiyo chanzo cha vurugu nyingi: leo mngurumo unapanda wenyewe, kesho unazima, na wewe unazungusha sindano (skrubu za kupimia mafuta kwenye kabureta) siku nzima bure.

Litoe tangi, ziba matundu yote isipokuwa moja, lizamishe kwenye ndoo ya maji, kisha puliza kwa mrija. Povu likitokea kwenye kifuniko, oringi yake, ile pete ya mpira, ni mbovu. Likaushe kabisa kabla ya kulirudisha, maana methanoli inanyonya maji na mafuta yenye maji hayawaki vizuri.

Washa rimoti kwanza, halafu risiva. Vuta kifyatuo cha rimoti, achia. Kabureta lazima irudi yenyewe hadi ibaki na upenyo mdogo. Hakikisha kuna springi ya kurudisha kabureta hata umeme wa gari ukikatika. Bila springi hiyo, betri ikiisha katikati ya uwanja gari linaondoka kwa kasi yote na hakuna wa kuliita.

Utajua umefaulu: flaiwili inazunguka kwa mkono, inakaza kileleni, na hakuna kinachocheza ukitikisa injini.

## Hatua ya 2: Weka sindano na upenyo

Kabureta nyingi zina vitu vitatu vya kuzungusha. Sindano kubwa inatawala mafuta ya mwendo mkubwa. Sindano ndogo inatawala mngurumo wa chini na kuondoka. Skrubu ya tatu inaamua kabureta ibaki wazi kiasi gani ukiachia kifyatuo.

Kufunga kuelekea kulia kunapunguza mafuta, injini inakuwa na njaa. Kufungua kuelekea kushoto kunaongeza, injini inashiba. Nitatumia maneno hayo mawili hadi mwisho.

Kama sindano ziko kama zilivyotoka kiwandani, usiziguse. Kama mtu ameshazichezea, ifunge kila moja polepole hadi igote, usiikaze, kisha fungua idadi ya mizunguko iliyoandikwa kwenye kitabu. Anayekaza sindano hadi mwisho anaharibu ncha yake, na kabureta hiyo haitatyunika tena.

Upenyo wa kuanzia ni kati ya milimita 0.5 na 1. Toa kichujio, chungulia ndani: uwe kama unene wa kadi ya benki.

## Hatua ya 3: Ipashe moto kabla ya kuiwasha

Hii ndiyo hatua inayorukwa, na ndiyo mwongozo wote.

Funga kichwa cha injini kwa foili, acha nafasi ya kuingiza kiwasha plagi. Elekeza draya ya nywele kwenye injini, dakika 5 hadi 10, ukiizungusha pande zote. Pima. Ukiona nyuzi 70 hivi karibu na plagi, uko tayari. Ukiwa mbali na umeme, usitegemee jua: gari lililoanikwa mchana kutwa halifiki hapo.

Zungusha flaiwili tena. Ule mkazo wa kileleni umepungua, na utauhisi kwa kidole. Slivu imetanuka, sasa pistoni ina mahali pa kupita.

## Hatua ya 4: Washa

Jaza tangi. Ziba tundu la eksozi kwa kidole chenye glavu, vuta kamba ya kuwashia mara mbili tatu kwa mivuto mifupi, huku ukitazama mrija. Mafuta yakifika kwenye kabureta, acha hapo hapo. Toa kidole, weka kiwasha plagi, vuta tena: mivuto mifupi ya haraka, kama sentimita 30. Ukiivuta kamba hadi mwisho unang'oa springi yake. Nimewahi kuing'oa siku ya kwanza kabisa, injini haijawahi hata kukohoa.

Kamba ikigoma katikati, simama. Mafuta yamejaa juu ya pistoni na hayabanwi. Ukilazimisha, kinachopinda ni konrodi. Fungua plagi, geuza gari tundu likitazama chini, funika kwa kitambaa, vuta mara kadhaa mafuta yamwagike. Jifute, funga plagi, anza upya. Fanya hivyo kiwasha kikiwa mbali.

Kama inakwama kileleni tu, na si kwa mafuta, legeza plagi robo mzunguko, washa, kisha ikaze mara inapounguruma.

Ikishika, iache na kiwasha kwa sekunde 20 hivi, kisha kitoe. Ikizima mara unapokitoa, ama imeshiba mno ama plagi ni dhaifu.

## Hatua ya 5: Tangi za kuzoesha

Kanuni ni moja: moto, kisha baridi, kisha moto tena. Kwenye kila mzunguko, pima kando ya plagi na uhakikishe unafika nyuzi 90 hadi 105. Ukibaki chini ya 80, ongeza foili. Usiongeze njaa kwa sababu tu unataka joto.

Tangi la kwanza. Gari likiwa juu ya tofali, magurudumu hewani, iache iungurume dakika 2 au 3, ukigusa kifyatuo mara moja moja ili isijae mafuta. Zima. Acha ipoe kabisa, kama dakika 15. Ipashe tena kwa draya, washa, rudia hadi tangi liishe. Usilimalize lote kwa mkupuo, na usifanye tangi la pili hapo hapo juu ya tofali: injini isiyobeba mzigo haijifunzi chochote.

Tangi la pili. Teremsha gari chini. Mizunguko mikubwa, robo ya kifyatuo, dakika 3 hadi 5, kisha zima ipoe.

La tatu na la nne. Nusu ya kifyatuo, ukipanda na kushuka. Usishike mwendo mmoja kwa muda mrefu. Moshi uwe unaonekana wazi nyuma ya gari.

La tano na la sita. Robo tatu, kisha mbio kamili za sekunde 2 tu, halafu achia. Hapo unaweza kuanza kufunga sindano kubwa kidogo kidogo.

Namna ya kuzima nayo ina maana. Usibinye mrija wa mafuta wakati wa kuzoesha: mafuta yanapoishia njiani injini inapata njaa ya ghafla na joto linaruka. Ziba tundu la eksozi kwa kitambaa kinene.

Halafu, kabla haijapoa, zungusha flaiwili hadi pistoni ishuke chini kabisa, pale unapoizungusha na haikazi popote. Weka alama ya kalamu kwenye flaiwili ili usibahatishe. Slivu ikipoa inajikunja, na ikimkuta pistoni juu inambana. Asubuhi yake unavuta kamba, haiendi, unaongeza nguvu, na unaanza kuusaga ule mkazo kwa mikono yako mwenyewe.

Utajua umefaulu: baada ya tangi sita au nane injini inashika kwa mivuto michache, haizimi ikisubiri, na bado inakaza kileleni ikiwa baridi, ila si kwa ukali wa siku ya kwanza. Kompresheni iliyopo ikiwa na moto ndiyo inayohesabika.

## Hatua ya 6: Kutyuni

Tyuni injini ikiwa na moto tu, na anza na sindano kubwa. Zungusha kidogo sana: fikiria uso wa saa ya ukutani, hatua moja ni kutoka namba moja hadi mbili. Kisha kimbiza gari mara tatu nne kabla ya kuamua lolote.

Imeshiba ikiwa inaondoka kwa uzito, inagugumia kama mtu mwenye maji mdomoni, na moshi ni mzito. Ina njaa ikiwa inapiga kelele kali nzuri, moshi hauonekani, kisha ghafla inakata kama imenyang'anywa pumzi. Hiyo kelele nzuri ndiyo inayowadanganya vijana. Kwenye mbio kamili lazima mstari mwembamba wa moshi uonekane, kila wakati. Nyuzi 100 hadi 120 ni sawa kwa injini nyingi. Ikipita hapo, fungua.

Huna kipimajoto? Dondosha tone la maji kwenye kichwa cha injini. Likichemka na kukauka kwa sekunde 3 hadi 5, sawa. Likirukaruka na kutoweka mara moja, kuna moto mwingi. Likikaa tu likikutazama, imeshiba.

Sindano ndogo jaribu hivi: injini ikiunguruma kwa chini, bana mrija wa mafuta karibu na kabureta. Inapaswa kuendelea kama sekunde 3, ipande sauti kidogo, kisha izime. Ikizima papo hapo ina njaa. Ikiendelea muda mrefu imeshiba.

Kisha toa plagi uitazame. Waya unaong'aa na wenye unyevu ni habari njema. Waya wa kijivu, uliopauka au kupinda, unasema injini ilikuwa na njaa hata kama masikio yako yalifurahi.

## Mlimani na pwani

Mimi ninaendeshea Arusha, kama mita 1,400 juu ya bahari, ambako hewa ni nyepesi. Hewa kidogo inahitaji mafuta kidogo, kwa hiyo sindano zangu zimefungwa kuliko za mwenzangu wa Tanga. Mwaka mmoja nilishuka Tanga na gari likiwa limetyuniwa nyumbani, nikalikimbiza ufukweni bila kugusa kitu. Kelele ilikuwa tamu ajabu. Plagi mbili ziliungua kabla ya saa nne asubuhi, na pistoni ilitoka na mikwaruzo ya wima upande wa eksozi.

Ukishuka kutoka Nairobi kwenda Mombasa, au Mbeya kwenda Dar, fungua sindano kubwa hatua mbili tatu kabla ya kuwasha, kisha tyuni upya. Ukipanda, hatari ni ndogo: itashiba tu, itakuwa nzito, nawe utafunga taratibu.

## Hatua ya 7: Vumbi na kichujio

Ukiiepusha injini na baridi, kinachobaki kuiua ni vumbi. Uwanja wa moramu wakati wa kiangazi unatoa unga laini kama wa ngano, na unga huo ukipita kwenye kabureta unachanganyika na oili kuwa msasa.

Kichujio cha sponji kikavu hakizuii chochote. Kioshe kwa mafuta ya taa, kisha kwa maji ya sabuni, kikaushe kivulini. Tia mafuta ya kichujio na ukikande ndani ya mfuko wa plastiki mpaka rangi ienee sawa, isibaki doa jeupe. Kamua ziada. Paka kidogo pale kinapokaa kwenye kabureta na ukifunge kwa utepe wa plastiki wa kubania (zip tie).

Kwenye vumbi mimi hubadilisha kila baada ya tangi nne au tano. Nina vichujio vitatu vilivyotiwa mafuta kwenye kopo. Usikitoe kichujio uwanjani gari likiwa limejaa vumbi: piga mswaki kwanza, kwani chembe zote zilizokaa shingoni zitadondokea ndani.

Ukitaka kujua kama kinafanya kazi, futa mdomo wa kabureta kwa ndani na kitambaa cheupe. Kikitoka na rangi ya udongo, usiwashe tena leo.

## Hatua ya 8: Kila jioni kabla ya kuliweka

Mafuta haya yakibaki ndani yanavuta unyevu na kutoa asidi, na beringi za nyuma ndizo zinazoanza kushika kutu. Mwaga tangi lote. Washa injini iishe mafuta yaliyobaki kwenye mrija, ikiunguruma kwa chini bila kuikimbiza. Toa plagi, tia matone 5 hivi ya mafuta ya kuhifadhia kwenye tundu lake na mengine kwenye kabureta, vuta kamba mara kadhaa ili yaenee. Shusha pistoni chini kabisa. Rudisha plagi.

Funga pia chupa kuu ya mafuta kwa nguvu na uiweke gizani. Chupa iliyoachwa wazi usiku mmoja wa masika Tanga si mafuta tena.

Kwenye daftari andika tarehe, idadi ya tangi, mahali, joto ulilopima, na sindano ziko hatua ngapi kutoka kufungwa. Siku injini itakapokataa kutyunika ukiwa na plagi mpya, tangi zima na kichujio safi, izungushe ikiwa na moto. Kama flaiwili inapita kileleni bila kupingwa, pistoni na slivu zimekwisha. Zinunue pamoja kama seti, ukague na konrodi, kisha rudi hatua ya 3 na draya mkononi.